Nyumba Ikiungua na Mpima Hasara Akinyamaza

Nyumba ya mkulima ikiteketea, hasara huja mara mbili. Ya kwanza ni ya moto wenyewe, nayo huisha kwa saa moja au mbili. Ya pili ni ya kungoja. Watoto wanalala katika ghala la mahindi au kwa jirani, mvua inakaribia, ng'ombe wanataka kukamuliwa kama kawaida, na yule mtu aliyetumwa na kampuni ya bima kuja kutazama majivu hajulikani aliko. Simu yake haijibiwi. Ofisini wanasema ametoka. Mwezi wa kwanza unapita, na wa pili unapita.

Wazee waliopewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, wengi walianza maisha katika nyumba za udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikiungua, majirani waliisimamisha tena kwa siku chache. Nyumba ya siku hizi ni ya mbao au mawe, ina mabati, madirisha ya vioo na nyaya za stima, na haijengwi kwa nguvu za majirani peke yake. Ndiyo sababu wakulima wengi wameziwekea nyumba zao bima, wengine kwa hiari yao, wengine kwa sababu benki au sako iliyowakopesha ilitaka hivyo. Lakini kulipa ada ya bima ni jambo moja, na kulipwa fidia ni jambo jingine. Yafaa mkulima ajue namna ya kufuata haki yake pasipo kugombana na mtu na pasipo kukata tamaa.

MPIMA HASARA NI NANI

Baada ya kampuni kupata habari za moto, kwa kawaida humtuma mpima hasara, ambaye wengine humwita ajasta. Kazi yake ni kufika mahali pa moto, kuchunguza chanzo chake, kuangalia kama hati ya bima inaihusu hasara hiyo, na kukadiria ni fedha ngapi zinazostahili kulipwa. Kisha huandika ripoti na kuipeleka kwa kampuni.

Fahamu mambo matatu juu ya mtu huyu. Kwanza, amechaguliwa na kampuni, na kampuni ndiyo inayomlipa. Yampasa kufanya kazi yake kwa haki, lakini yeye si wakili wako. Pili, yeye hutoa shauri tu. Anayeamua kulipa au kutolipa ni kampuni. Hii ndiyo sababu mpima hasara akinyamaza, mlango wako haujafungwa. Mkataba wako ni wewe na kampuni, wala si wewe na yeye. Tatu, kwa sheria ya Kenya mpima hasara hawezi kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile ijulikanayo kwa herufi IRA, na uandikishaji huo hufanywa upya kila mwaka. Basi siku anapofika kwako, muulize kwa adabu jina lake kamili, jina la kampuni yake, nambari ya simu, na nambari ya faili ya dai lako. Mwenye kazi ya halali hatakasirika kuulizwa hivyo.

KWA NINI ANANYAMAZA

Kabla ya kumlaumu, jaribu kujua sababu, kwa maana dawa hufuata ugonjwa.

Mara nyingi faili imesimama kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, nawe hukuambiwa, au uliambiwa kwa maneno ukasahau. Pengine anangoja ripoti ya polisi au barua ya wazima moto. Pengine alikwisha kupeleka ripoti yake zamani, na faili imelala juu ya meza ya kampuni, si kwake. Pengine kampuni ina shaka juu ya dai, kwa mfano kama ada ilikuwa imelipwa kabla ya moto, au kama nyumba ilikuwa tupu kwa muda mrefu, nayo haijapenda kukuambia. Na wakati mwingine ni uvivu tu, au mtu mmoja amebebeshwa mafaili mengi kupita kiasi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "Nitalipwa lini?" Swali hilo hujibiwa kwa neno "Karibu." Uliza hivi: "Je, kuna karatasi yo yote mnayongoja kutoka kwangu? Je, ripoti imekwisha kupelekwa kwa kampuni, na kama ndiyo, tarehe gani?" Maswali haya yana majibu ya kweli, na mtu akiyajibu kwa maandishi amejifunga.

SIKU ZA KWANZA BAADA YA MOTO

Mambo mengi yanayochelewesha malipo huanzia katika juma la kwanza. Fanya haya mapema:

1. Iarifu kampuni mara moja, kwa simu na tena kwa maandishi. Hati nyingi za bima huweka idadi ya siku za kutoa habari na za kuleta maelezo kamili ya hasara. Soma hati yako uone ni siku ngapi. Mkulima akikawia, amempa mpinzani wake fimbo.

2. Piga ripoti katika kituo cha polisi na uandike nambari ya kitabu cha matukio, yaani nambari ya OB. Chifu au naibu wake aje aone, akupe barua. Kama gari la wazima moto la kaunti lilifika, omba ripoti yao. Kazi ya kuzima moto ni ya serikali za kaunti tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013.

3. Usisafishe mahali pa moto kabla ya mpima hasara kuona. Mabati yaliyojikunja, nyaya zilizoyeyuka na mabaki ya jiko ni ushahidi. Lakini usiache vitu vilivyosalia viharibike kwa mvua au kuibwa. Hati ya bima inakutaka uviokoe. Funika kwa karatasi ya nailoni, hamisha vinavyohamishika, na weka risiti za gharama hizo.

4. Piga picha nyingi kwa simu, kila chumba na kila upande, nje na ndani. Kama mtoto wako au jirani anajua kupiga video, atembee polepole kutoka mlangoni akitaja kila kitu kwa jina.

5. Andika orodha ya vitu vilivyoungua, chumba baada ya chumba. Usiandike "vyombo vya jikoni" tu. Andika sufuria ngapi, za ukubwa gani, zilinunuliwa mwaka gani, kwa bei gani.

6. Mwite fundi mwenye kujulikana akuandikie makadirio ya kujenga upya: mbao kiasi gani, mabati mangapi ya geji gani, mifuko mingapi ya simiti, na ujira wa mafundi. Ukiweza kupata makadirio ya mafundi wawili, ni bora zaidi.

KARATASI ZIKIUNGUA PAMOJA NA NYUMBA

Mara nyingi hati ya bima yenyewe imeteketea sandukuni. Usihofu. Kampuni ina nakala, nawe una haki ya kuiomba. Kama ulilipa ada kwa M-Pesa au benki, taarifa ya malipo itapatikana. Nakala ya habari za shamba hupatikana katika ofisi ya ardhi, na kitambulisho kipya huombwa kwa karatasi ya polisi.

Juu ya vyombo vya nyumbani, watu wengi husema, "Sina risiti hata moja." Lakini ushahidi uko mahali pengi. Mwenye duka aliyekuuzia kabati huenda akawa na kitabu chake. Sosaiti ya maziwa inaweza kuonyesha kwamba ulinunua mtungi au mashine kwa mkopo. Picha za harusi na za sikukuu, zilizo katika simu za ndugu zako, huonyesha viti, televisheni na mapazia nyuma ya watu. Zikusanye zote.

WEKA DAFTARI LA DAI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja la shule na ulitumie kwa kazi hii tu. Kila ukipiga simu, andika tarehe, saa, jina la aliyejibu na alichosema. Kama simu haikujibiwa, andika vile vile. Kila karatasi unayopeleka, weka nakala. Ukipeleka barua kwa mkono, omba nakala yako igongwe mhuri na tarehe. Ukituma kwa posta, tuma kwa rejista na utunze kikaratasi. Ukituma kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, usifute.

Mtu akikuambia jambo kwa simu, mwandikie siku hiyo hiyo: "Leo umeniambia kwamba ripoti itakwisha Ijumaa. Kama sikuelewa vizuri, tafadhali nisahihishe." Ujumbe mfupi wa namna hiyo una nguvu kuliko simu ishirini. Siku mambo yakifika mbele ya mtu wa tatu, hatauliza ni nani aliyepiga kelele zaidi. Atauliza ni nani mwenye maandishi.

BARUA YA KUANDIKA

Siku kumi na nne zikipita bila jibu, andika barua kwa mpima hasara, na nakala yake uipeleke kwa mkuu wa idara ya madai katika kampuni ya bima. Usiogope kuandika kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Barua iwe fupi, isiwe na matusi wala maombolezo marefu. Huu ni mfano:

"Kwa Bwana au Bibi …………

KUHUSU: Hati ya bima nambari ………… Dai nambari ………… Moto wa tarehe …………

Nyumba yangu iliungua tarehe iliyotajwa hapo juu. Niliiarifu kampuni tarehe ………… Ulifika kukagua tarehe ………… Nilileta fomu ya dai, karatasi ya polisi, barua ya chifu, orodha ya vitu na makadirio ya fundi tarehe …………

Nimekupigia simu tarehe ………… na ………… bila kupata jibu.

Naomba unijulishe kwa maandishi, kabla ya siku saba kupita: (a) kama kuna karatasi iliyobaki, (b) kama ripoti yako imekwisha kupelekwa kwa kampuni, na tarehe yake, (c) kama kuna sharti lo lote la hati ya bima ambalo kampuni inaona halikutimizwa.

Jamaa yangu hawana mahali pa kukaa. Naomba pia kampuni ifikirie kunilipa sehemu ya fedha kwanza, kwa ile hasara isiyo na ubishi, wakati hesabu nyingine zikiendelea.

Wako mwaminifu, …………"

Tazama ombi lile la mwisho. Wakulima wengi hawajui kwamba kampuni yaweza kulipa sehemu ya fedha kabla ya hesabu yote kwisha. Kampuni hailazimiki kukubali kila mara, lakini asiyeomba hapewi. Kadhalika tazama kama hati yako ina kifungu cha kodi ya nyumba, maana hati nyingine hulipa kodi ya mahali unapokaa wakati nyumba yako haikaliki. Ikiwa kifungu hicho kimo, tunza risiti za kodi.

NGAZI ZA KUPANDA

Kama siku saba za barua yako zimepita, panda ngazi moja moja. Usiruke, kwa sababu kila ngazi itakuuliza kama ulipitia ile ya chini.

Ngazi ya kwanza ni dalali au wakala aliyekuuzia bima. Dalali kazi yake ni kukusimamia wewe mteja, hata wakati wa dai. Mpe nakala ya barua na umtake afuatilie.

Ngazi ya pili ni kampuni yenyewe. Mwandikie mkuu wa idara ya madai, na asipojibu, mwandikie mkurugenzi mkuu. Waeleze kwamba mtu wao hakujibu, na uwaombe wamtake alete ripoti au wamteue mwingine. Kampuni haiwezi kujificha nyuma ya mpima hasara, kwani yeye ni mtumishi wake katika kazi hiyo. Wakumbushe pia Sheria ya Bima, Sura ya 487. Sheria hiyo inasema kwamba mwenye dai alipwe katika muda wa siku 90 tangu dai liliporipotiwa, wajibu wa kampuni ukiisha kuthibitika. Hesabu siku hizo katika daftari lako na uzitaje katika barua.

Ngazi ya tatu ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mamlaka hii ilianza kazi mwaka 2007, na mkuu wake ni Kamishna wa Bima. Ofisi kuu iko Nairobi. Hupokea malalamiko ya wenye bima bila malipo, nawe huhitaji wakili. Andika kisa chako kwa mpango wa tarehe, ukiambatanisha nakala za hati ya bima, barua zako na majibu, kama yapo. Mamlaka huitaka kampuni ijieleze. Mara nyingi faili iliyolala kwa miezi huamka hapo, kwa sababu kampuni hupata leseni yake kwa Mamlaka hiyo hiyo. Usipeleke karatasi za asili, peleka nakala.

Ngazi ya nne ni msuluhishi au mahakama. Hati nyingi za bima ya moto zina sharti kwamba kama ubishi ni juu ya kiasi cha fedha tu, upelekwe kwanza kwa msuluhishi. Sheria ya Usuluhishi ni ya mwaka 1995. Kabla ya kufika hapa, tafuta shauri la wakili, maana kuna gharama. Angalia pia muda. Sheria ya jumla ya nchi hukupa miaka sita ya kushtaki juu ya mkataba, lakini huenda hati yako imeweka muda mfupi zaidi kwa dai lililokataliwa. Mtu akingoja kwa subira ya bure, aweza kuamka siku moja akute mlango umefungwa.

HESABU YA MALIPO

Wakati mwingine mpima hasara hujibu, lakini jibu lenyewe humshtua mkulima: fedha ni kidogo kuliko alivyotazamia. Kabla ya kusema umeibiwa, elewa jinsi hesabu inavyofanywa.

Tumfikirie mkulima ambaye nyumba yake ingegharimu Sh. 1,200,000 kujengwa upya. Wakati wa kuweka bima alitaka kupunguza ada, akaandika kwamba thamani yake ni Sh. 800,000. Moto ukala nusu ya nyumba, hasara ya Sh. 600,000. Yeye anadhani atalipwa Sh. 600,000, kwa kuwa ni chini ya zile 800,000. Sivyo. Kampuni itasema kwamba aliweka bima kwa theluthi mbili tu ya thamani, kwa hiyo theluthi moja ya kila hasara ni yake mwenyewe. Theluthi mbili za Sh. 600,000 ni Sh. 400,000. Kama hati inasema kwamba katika kila dai mwenye nyumba ajilipie Sh. 20,000 za kwanza, atapokea Sh. 380,000. Masharti hayo yakiwa yamo katika hati, hesabu hiyo ni halali.

Pia kuna uchakavu. Hati ya kawaida hukurudisha mahali ulipokuwa kabla ya moto, haikutajirishi. Mabati ya miaka ishirini hayalipwi kama mabati mapya, isipokuwa kama hati yako ni ile inayolipa gharama ya kujenga upya. Basi mpima hasara akikata fedha, mtake aandike hesabu yake yote: thamani aliyoichukua, uchakavu wa kila kitu kwa mia, na sharti la hati alilolitumia. Kama amesema nyumba ilistahili Sh. 1,500,000 ili aonyeshe kwamba uliweka bima pungufu, nawe fundi wako anasema Sh. 1,200,000, hapo una neno la kubishania. Peleka makadirio ya fundi au ya mthamini aliyeandikishwa, ujibu hesabu kwa hesabu.

Neno jingine: kama nyumba au shamba limewekwa rehani kwa benki au sako, huenda hati ya bima imeandika kwamba benki ilipwe kwanza. Nenda ukazungumze na mkopeshaji mapema. Yeye naye anataka dai lilipwe, na barua ya benki kwa kampuni ya bima husaidia sana. Zaidi ya hayo, mweleze shida yako kabla hujakosa kulipa mkopo, wala si baadaye.

USITIE SAHIHI UPESI

Siku ya malipo inapofika, kampuni hukuletea karatasi ya kutia sahihi. Mara nyingi karatasi hiyo inasema kwamba umekubali fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena. Mkulima aliyelala ghalani miezi minne huona fedha zo zote ni rehema, naye hutia sahihi bila kusoma. Ngoja kwanza. Ichukue karatasi nyumbani, isome pamoja na mwana aliyesoma au mwalimu. Kama fedha ni za sehemu tu ya hasara, karatasi iseme hivyo waziwazi. Ukiisha kutia sahihi kwa malipo ya mwisho, ni vigumu sana kurudi nyuma.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiongeze vitu katika orodha. Mtu aliyepoteza ng'ombe mmoja asiseme wawili, na aliyepoteza redio asiseme televisheni. Kwa hati nyingi, uongo katika sehemu moja ya dai huangusha dai zima, na tena ni kosa la jinai.

Usimpe mpima hasara kitu ili aharakishe. Akikuomba, andika tarehe na maneno yake katika daftari, na uripoti kwa kampuni na kwa Mamlaka.

Usitukane wala kutisha. Barua ya matusi huwekwa kando. Barua yenye tarehe na nambari hupelekwa kwa mkubwa.

Usijenge upya kabla ya ukaguzi kwisha bila kuiarifu kampuni. Ikiwa huwezi kungoja kwa sababu ya mvua, waandikie kwamba utaanza tarehe fulani, piga picha zote, na utunze mabaki mahali pamoja.

Wala usikae kimya. Ukimya wako huonekana kama kuridhika.

KWA WALE AMBAO NYUMBA ZAO ZINGALI ZIMESIMAMA

Mkulima ambaye hajapatwa na moto ana kazi ndogo ya kufanya juma hili, na kazi hiyo itamfaa kuliko maneno mengi baadaye.

Toa hati yako ya bima uisome. Je, inahusu nyumba tu, au na vyombo pia? Je, ghala, banda la ng'ombe na mahindi vimo? Usidhani vimo kama havikuandikwa. Je, nyumba imeelezwa kwa kweli, kwamba ni ya mbao au ya mawe? Kama uliongeza vyumba viwili mwaka jana, je, kampuni inajua? Je, kiasi cha bima kinatosha kujenga nyumba hiyo kwa bei ya mbao na simiti ya leo? Na ada je, imelipwa? Sheria inakataza kampuni kubeba hatari yako kabla ada haijalipwa, kwa hiyo moto ukitokea baada ya muda kwisha nawe hujalipa, huna bima.

Kisha piga picha za kila chumba na umtumie mtoto au ndugu anayekaa mahali pengine, ili moto usiteketeze picha pamoja na simu. Nakala ya hati ya bima iweke kwa ndugu huyo, au katika sako, au kanisani au msikitini.

Mwisho, kagua nyumba yenyewe. Nyaya zilizounganishwa na mtu asiye fundi, kandili karibu na pazia, jiko la makaa lililoachwa usiku, mtungi wa petroli ya mashine ya kukata majani uliowekwa jikoni: moto huanzia katika mambo kama hayo. Ndoo ya mchanga mlangoni na pipa la maji nje ni gharama ndogo.

Ikiwa wewe ndiwe unayengoja sasa, anza leo. Nunua daftari, andika tarehe ya moto katika mstari wa kwanza, hesabu siku zilizopita hadi leo, na kesho asubuhi, baada ya kukamua, andika barua ile.